Babu Mkristo wa Kwanza

Mwalimu wa binti yangu, hapa Voi, alitaka kila mtoto aeleze jina lake la ukoo limetoka kwa nani. Mimi sikujua, kwa hivyo Jumapili tukapanda mlimani hadi Bura kuwauliza baba zangu wadogo wawili, wote wazee wa kanisa.

Walisema ni la babu yao, wakampamba mpaka nikadhani wanazungumzia mtakatifu. Eti alikuwa Mkristo wa kwanza mlimani, tena hakuwahi kuonja pombe. Binti yangu akauliza amezikwa wapi.

Nikamweleza: sisi Wataita zamani tulikuwa tukifukua maiti ikishaoza, tukachukua fuvu na kuliweka pangoni pamoja na mafuvu ya wenzake.

"Hayo ni mambo ya kishenzi," akasema mkubwa wao. "Tangu nizaliwe sijakanyaga huko."

"Wala mimi," akasema mdogo wake.

Nikawachokoza: mbona nimesikia fuvu lake liko kwenye kona, mwisho kabisa?

"Kona gani!" akaruka mkubwa. "Liko katikati, lile lenye jino moja!"

"Hilo ni la kaka yake! La babu limeegemea ukuta. Nililipangusa mimi mwenyewe kuomba mvua ilipokataa!"

Jumatatu binti yangu alisimama mbele ya darasa akaeleza kwamba jina lake ni la Mkristo wa kwanza mlimani, na kwamba mvua ikikataa, wazee wa kanisa huenda pangoni kumpangusa kichwa.