Hodi ya Bi Kokila

Jirani yangu Bi Kokila, Mhindi mzaliwa wa Kilosa, ana miaka sabini na tisa, na kwa kujisifu hana mpinzani Kilburn nzima, hapa London. Ukutani kwake imetundikwa ramani ya shamba la mkonge la marehemu baba yake, na mgeni hapewi chai mpaka aitazame. Mimi nimeitazama miaka kumi na minne, na bado nampenda.

Anayemwogesha na kumvalisha ni Placida, naye wa huko huko Kilosa. Ufunguo anao, lakini kila asubuhi husimama mlangoni akapiga hodi mpaka aitikiwe.

"Si una key wewe? Ingia!" Bi Kokila humtania.

"Kwa watu hakuingiwi hivi hivi, Mama."

Siku moja Placida aliisogelea ile ramani, akaweka kidole penye kisima.

"Hapa ndipo walipozikwa babu zetu. Bibi alifukuzwa hapa, mama yangu akiwa mgongoni."

"Baba alikuwa na hati," Bi Kokila akajibu kwa ukavu.

Placida akaosha vikombe, akaondoka. Kesho yake akasema ameomba ofisini kwao apewe mteja mwingine. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Bi Kokila akaniita, analia kwikwi.

"Hati, hati! Hiyo hati ilimuuliza nani?" nikamkaripia. Nilikuwa na hasira naye, na huruma vilevile.

Ijumaa nilimkuta Bi Kokila koridoni, nje ya mlango wake, mkono mmoja kashika fremu yake ya kutembelea, mwingine ramani. Placida alipotoka kwenye lifti tu, Bi Kokila akasema, "Hodi."

"Lakini hapa ni kwako, Mama."

"Kule hakukuwa kwetu. Tuliingia bila hodi. Napiga leo."

Placida akafuta macho. "Si mimi wa kuitikia. Mwenyewe yupo hai." Akampigia mama yake Kilosa, akaweka spika.

"Hodi," Bi Kokila akasema.

"Nani?"

"Kokila. Baba yangu ndiye aliyewatoa pale kisimani. Makaburi niliyaona nikiwa mtoto, na maisha yangu yote nimeyanyamazia. Pale ni kwenu."

Placida akaisogeza simu karibu naye.

"Placida kaniambia miguu inakusumbua," mama yule wa Kilosa akasema. "Kaa kwanza, ndipo tuzungumze."

Nikakimbia ndani kumletea kiti.