Begi la Dubu

Mdogo wangu anaitwa Nyundo, na jina hilo hakupewa na mama. Alipewa na mafundi pancha wenzake, siku alipomshindilia dereva wa lori ngumi moja ya shingo, dereva akakaa chini na kusahau alichokuwa anadai. Tangu utotoni yuko hivyohivyo. Akichokozwa, mkono unatangulia, akili inafuata nyuma ikihema. Mimi ni dada yake mkubwa. Nimemvuta shati kwenye ugomvi mpaka nimechoka, na wala sijifanyi mpole, maana kofi la kwanza maishani mwake alilipata kwangu.

Mkewe, wifi yangu, ni mtu wa maneno machache. Nyundo hajawahi kumnyooshea hata kidole, hilo nitalisema popote. Lakini kila alipogombana nje, ni yeye aliyeloweka shati.

Akitoka gereji, Nyundo huvua samaki. Mtumbwi hana, wavu hana. Huchukua tyubu ya gurudumu la lori, akaijaza upepo, akasuka kamba katikati ipate pa kukalia, kisha huketi miguu ikining'inia majini na kujisukuma kwa miguu hiyohiyo hadi kwenye kina cha bwawa wanakokaa kambare wakubwa. Ndoana, mishipi, chubwi za risasi za kuzamishia mishipi, na koleo alikuwa akivitia kwenye kiroba cha plastiki na kukipakata. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ndoana moja ilitoboa kiroba, ikatoboa na tyubu. Fundi pancha mzima akapata pancha katikati ya bwawa, tena kwa ndoana yake mwenyewe. Kuogelea anajua kwa kubahatisha. Alirudi ameukumbatia mpira uliosinyaa, anakohoa maji ya kijani.

Pale kando ya maji alikuwepo mvuvi mmoja wa wavu, mwenye mtumbwi wake. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akamshauri Nyundo ajitafutie fundi mzuri. Nyundo alimpiga mdomoni, akamwinua, akampiga tena palepale. Meno mawili ya mbele yalibaki kwenye tope. Tangu siku ile mvuvi yule anaitwa Mapengo, na aliapa mbele za watu kwamba Nyundo atayanywa maji ya bwawa lile mpaka ashibe.

Jioni wifi aliloweka shati. Alitazama maji yakigeuka rangi, akasema mimi nikiwa nimeketi pale pale:

"Hili ni la mwisho kufua. Siku utakayorudi tena na damu ya mtu uliyempiga, mimi na mtoto hutatukuta."

Nyundo anamjua mkewe. Alilia, na hakujificha. Aliapa kwa kichwa cha binti yao, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika viti.

Kesho yake akaja kibandani kwangu. Nauza mabegi ya mitumba, na mteja mgumu kuliko wote ni ndugu. Alitaka begi la bei ya chini kabisa lenye mambo ya bei ya juu. Kwanza alishika la turubai, la kijeshi. Nikamwambia turubai linakunywa maji, likishalowa atadhani amepakata mawe. Akashika la ofisini lenye zipu ya chuma. Nikamwonyesha meno ya ile zipu yalivyo makali, nikamwuliza kama pancha moja haikumtosha. Akavaa la shule mgongoni. Nikamwuliza, samaki akiwa kwenye mshipi, ndoana nyingine ataifikia kwa mkono upi. Akaanza kupumua kwa pua. Akapiga meza yangu ngumi, mikanda ikamwagika chini, jirani yangu muuza viatu akavuta bidhaa zake kando. Nikaokota mkanda mmoja nikamchapa nao sikioni. Tulitazamana. Kisha tukacheka wote wawili, ndivyo tulivyolelewa.

Ndipo nikamshushia begi lililokaa juu msumarini siku nyingi bila kuulizwa bei. Lilikuwa begi la mama mwenye mtoto mchanga. Kitambaa chake ni cha plastiki, unafuta kwa mkono, limekauka. Kitako chake kigumu, ndoana haipenyi. Zipu ya plastiki, vimfuko chungu nzima, na pale pa chupa ya maziwa koleo liliingia sawasawa. Mkanda wake ulikuwa na kibanio cha plastiki, kile ukikibonyeza pande mbili kinaachia. Na mbele, kubwa kama sahani, kulikuwa na dubu wa manjano anayechekelea. Kwa sababu ya dubu huyo nilimwachia kwa bei ya bure.

Ubishi ukabaki kwenye mkanda. Nyundo alitaka nikikate kibanio, niushone kwa uzi wa viatu, auvae kifuani, ili Mapengo asije akampokonya vifaa. Nilikataa.

"Begi lifunge kwenye tyubu," nikamwambia. "Likivutwa, liende. Begi nitakupa lingine. Shingo siuzi."

Alikubali kwa mdomo. Alipofika bwawani akalivaa kifuani vilevile.

Wavuvi walipomwona na yule dubu, walimtesa. Walimwuliza mtoto ananyonya saa ngapi, wakamwimbia wimbo wa kubembeleza. Nyundo akameza. Siku moja alipita kwangu kajing'ata mdomo hadi damu, lakini damu ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo haikuwemo kwenye makubaliano. Wifi alianza kutabasamu tena. Nami nilianza kuamini.

Basi wifi akataka mtoto amwone baba yake akivua. Nilifuatana nao. Tulikuwa tumesimama kwenye nyasi, mtoto anapunga mkono, Mapengo alipotokea na mtumbwi wake nyuma ya tyubu. Kasia lilishuka begani kwa Nyundo, tukasikia mlio wake kule tulikokuwa. Likashuka tena, kichwani. Kisha Mapengo akainama, akashika mkanda wa begi, akausokota shingoni na kumzamisha uso majini. Akamwinua, akamzamisha tena. Mimi nilipiga kelele. Wifi alimgeuza mtoto asione.

Vidole vya Nyundo vilitafuta kibanio, vikakibonyeza. Mkanda ukaachia. Mapengo, aliyekuwa anavuta kwa nguvu zake zote, akaanguka chali majini upande wa pili wa mtumbwi, begi likamfuata usoni, wazi. Ndoana zikamshika shavuni, nyingine zikamshona mkono kwenye shati lake. Mtumbwi ukasogea mbali. Mtu huyo, aliyekulia majini, alikuwa anazama, mkono mmoja tu ukiwa huru.

Nyundo angeweza kumwacha. Ningemwacha mimi. Akiwa bado juu ya tyubu alipiga maji kwa miguu, akamfikia, akamkamata nywele. Halafu tukaona ngumi ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na tena, na tena.

Alimfikisha nchi kavu. Damu ilikuwa imemjaa Nyundo kifuani, na Mapengo shavu lake lilikuwa linaning'inia ndoana. Watu walimshika wakazitoa kwa koleo, anapiga mayowe. Alipomaliza kutapika maji, alisema kwa kinywa chake kwamba Nyundo amemwokoa. Wavuvi wakampiga Nyundo mgongoni, wakamwita mwanamume. Dubu alielea peke yake hadi ukingoni.

Wifi alisubiri watu wapungue.

"Ulimpiga kwa nini?"

Alisema Mapengo alikuwa anampanda kichwani, tyubu ingepinduka wakafa wote. Ilibidi atulizwe.

"Alitulia kwa ngumi ya ngapi?"

Mapengo hakukumbuka kitu. Mimi nilikuwa namkonyeza mdogo wangu aseme uongo, Mungu anisamehe. Nyundo alimtazama mtoto.

"Ya pili," akasema.

"Niliziona nne."

"Mbili za mwisho zilikuwa zangu."

Wifi akatikisa kichwa kukubali. Njia nzima nilimbembeleza, nikamwambia mumewe kaokoa roho ya mtu, tena adui. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba leo amemheshimu kuliko siku zote, lakini akibaki, zile mbili ndizo atakazolala nazo kitanda kimoja.

Nyumbani wifi alianza kufungasha aondoke na mtoto, na begi pekee lililokuwa na mifuko ya kutosha vitu vya mtoto lilikuwa lile la dubu. Nyundo mwenyewe alilimwaga, akalifuta, akalikausha. Kabla wifi hajatia nepi na chupa, alimwomba angoje. Akapitisha mkono ndani, mfuko mmoja baada ya mwingine, asije akaacha ndoana ya kumchoma mtoto. Ilikuwepo moja, na kidole chake ndicho kilichoipata. Akaichomoa, akafuta damu kwenye suruali, akajaribu kibanio kama bado kinaachia, kisha akamvisha mkewe begi begani.