Vigezo Vitatu vya Maji

Miaka ile ya soko huria, ofisi yetu ya mipango pale Dodoma ilikuwa na kompyuta moja, na mimi ndiye niliyeijua zaidi. Tulikuwa tumetoka Chemba kukusanya takwimu za wasichana wanaokosa shule. Tulitaka kujua kama maji yanahusika.

Maji niliyapima kwa vigezo vitatu: umbali wa kisima, urefu wa foleni, na siku ambazo pampu ilikuwa mbovu. Matokeo yalipotoka, hakuna hata kimoja kilichofikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Mkuu wangu, mzee mpole aliyesoma ng'ambo, akavipiga mistari kwa kalamu nyekundu.

"Futa hivi, binti. Andika maji hayahusiki."

"Mzee, hapa kila kimoja kimepimwa peke yake, na vyenyewe vinakwenda pamoja. Kisima kikiwa mbali, hutegemewa na wengi, hivyo foleni nayo huwa ndefu na pampu huchoka. Kompyuta haijui ilaumu kipi. Tuvipime vyote kwa mpigo."

"Sifuri ukijumlisha na sifuri ni sifuri."

"Hizi si sifuri, mzee."

Akasema ripoti inasubiriwa, akaenda kula.

Mimi sikwenda. Nilikokotoa modeli yenye vigezo vyote, vya maji na visivyo vya maji, kisha nikaviondoa vile vitatu na kukokotoa upya. Kama kweli havina kazi, makosa ya modeli yasingeongezeka sana. Yaliongezeka, tena kuliko bahati tu inavyoweza kufanya. Nililisoma jedwali la matokeo mara tatu, kwa furaha na kwa hasira pia. Kule Chemba nilikuwa nimewaona mabinti wakirudi na ndoo saa nne asubuhi, wenzao wakiwa darasani.

Aliporudi nikampa ukurasa wangu. Hakuusoma. Akanisogezea ripoti yake nisaini.

"Shikamoo nakupa kila siku, mzee, na nitaendelea kukupa. Saini sitoi."

Wiki iliyofuata nilihamishiwa masjala, kupanga mafaili. Ripoti ikapitishwa bila jina langu. Ila nakala zote zilipitia masjala kabla ya kutumwa kwa wafadhili wa utafiti, na kila niliyoifunga ilitoka na ukurasa wangu umebanwa mwishoni, na saini yangu chini yake.

Nilipewa karipio la maandishi. Nililipokea nimesimama, sikuomba radhi. Miezi kadhaa baadaye wafadhili waliandika kuuliza mwenye saini kwenye ule ukurasa wa mwisho ni nani, na wakataka awaeleze hesabu yake. Mzee alikuja masjala mwenyewe kuniita.