Tokuzo, Mlinzi wa Puto la Paani

Binti wa kituo cha wazee amenisumbua tangu kabla ya mvua. "Bibi Fusae, tuandikie maisha ya mzee wako. Andika tu kama unavyoongea, mimi nitanyoosha." Nimemwambia shule niliiacha kwa sababu ya mabomu, na mkono wangu umezoea kisu cha jikoni kuliko kalamu. Hasikii. Haya, naandika, ila asininyooshee kitu. Palipopinda, paache papinde. Na kama mnataka habari za mzee wangu ili mpate kucheka, mmechelewa, nchi nzima imeshacheka.

Mume wangu, Nishiwaki Tokuzo, alikuwa mlinzi wa puto la matangazo juu ya paa la duka kubwa la ghorofa, hapa Osaka, upande wa Tennoji. Asubuhi unalijaza gesi mpaka linakuwa kama chumba, unalining'inizia maandishi ya bei za makoti, unaliachia kamba, halafu unakaa chini yake mchana kutwa. Sheria ilitaka mtu akae hapo. Upepo ukichafuka unalivuta chini. Basi, kazi ndiyo hiyo. Majirani walimtania, "Tokuzo, leo nawe umefanya nini?" Anajibu, "Nimeshika mbingu isiondoke." Alikuwa mfupi, tumbo mbele, na mkanda mpana wa sufu wa kahawia tumboni, kiangazi na kipupwe. Watoto waliokuja juu kule kucheza michezo ya mashine walimwita Babu Puto. Hakukasirika hata siku moja.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema kwa mtu, isipokuwa mimi, mwaka aliponioa. Alipokuwa kijana upepo ulimkamata kabla hajaifunga kamba. Alikuwa ameizungusha mkononi, kosa ambalo kila mlinzi anakatazwa na kila mlinzi analifanya. Likambeba. Likamtoa paani, likampitisha juu ya barabara, naye miguu inapiga hewa kama anaendesha baiskeli. Akamlilia mama yake. Akajikojolea. Na watu wa chini, kwa kuwa waliona puto la duka na mtu ananing'inia, wakadhani ni onyesho la matangazo. Wakapiga makofi. Lilimshusha juu ya paa la nyumba ya kuogea, katikati ya mataulo yaliyoanikwa. Mkono ulipona. Makofi yale hayakupona. Hata kwenye harusi za watu, wakianza kupiga makofi, mimi nilimwona anatazama chini.

Hatukujaliwa mtoto. Kwetu hilo si la kulia tu na kunyamaza. Lazima apatikane mtu wa kulibeba jina na kuliosha kaburi, na asipozaliwa, anachukuliwa, hata kama ana ndevu. Sisi tulimpata Yasunari.

Hirose Yasunari alitoka Shimane, mtoto wa tatu wa kiume kwao, kwa hiyo jina la kwao lilikuwa na wabebaji wa kutosha. Alipanga chumba chetu cha juu. Alikuwa mwembamba kama kijiti cha kulia wali, na kazi yake ilikuwa kuchora vijitu vya gemu za televisheni, kimoja kimoja, kwa vidoti, kwenye karatasi ya miraba. Mwanzoni nilimpikia kwa kumwonea huruma. Baadaye nilimpikia kwa kuwa asipokula kwangu silali. Tokuzo alimtania kila jioni, "We kijana, jitu zima unachora watu wa ukubwa wa kunde. Wakianguka kwenye mchuzi utawaonaje?" Naye, "Mzee, wewe nawe unachunga mfuko wa hewa." Wakacheka wote wawili, nami nikasema kimoyomoyo, basi, huyu ndiye.

Tulipomwomba awe mwanetu na achukue jina la Nishiwaki, aliweka viganja viwili juu ya mkeka akainama mpaka paji la uso likagusa. Kwao walikubali. Akaomba jambo moja, tungoje gemu anayoitengeneza itoke kwanza, maana kazini hawampi hata nafasi ya kunyoa. Tukangoja.

Gemu yenyewe ilimshinda pahali. Alituambia shujaa wake akila tunda fulani anatakiwa avimbe, aelee juu ya mashimo na maadui, muda kidogo, kisha ashuke. "Naye anavimba," akasema, "lakini anaelea kama sanduku. Hana uhai."

Ilikuwa siku ya mwaka mpya, tumekaa miguu chini ya meza yenye blanketi na moto chini yake, chungu cha figili na mayai kinachemka. Tokuzo akaweka kijiko chini. "Mwana anapaswa kumjua babaye, pamoja na yale yasiyosemwa." Akamsimulia yote. Barabara, mama, mkojo, makofi. Yasunari hakucheka. Macho yalimlowa, na hiyo ndiyo ikawa mara ya kwanza kumwita Tokuzo baba.

"Baba, na miguu? Ilikwendaje hiyo miguu?"

Mzee wangu, mtu aliyeificha aibu ile maisha yake yote, akalala chali juu ya mkeka, akamwonyesha. Goti hili, goti lile. "Polepole kwanza, halafu haraka, ukiona barabara." Nami nikaongeza chai, nikafurahi kwamba nyumba imepata mtoto.

Gemu ikatoka. Nilipanda juu ya duka na chakula cha mchana cha Tokuzo, nikakuta watoto wamepanga foleni mbele ya televisheni ya kujaribia. Tokuzo amesimama nyuma yao, kofia mkononi. Nikatazama. Kijitu kikala tunda, kikavimba, kikapanda hewani. Kilikuwa kifupi, na katikati ya tumbo kina mkanda wa kahawia. Miguu ikaanza polepole, kisha haraka. Pumzi ilipokaribia kwisha kikafungua kinywa kikalia, kikadondosha tone la maji, na chini yake vijitu vya mjini vikapiga makofi.

"Amejikojolea tena," mtoto mmoja akasema, wakaanguka kwa kicheko.

"Mfanye ajikojolee juu ya yule polisi."

Msichana mmoja akageuka. "Babu Puto, mbona anafanana na wewe?"

Tokuzo akatazama mpaka mchezo ukaisha. Akasema, "Miguu ameipata sawasawa," akarudi kwenye kamba yake. Chakula nilirudi nacho nyumbani.

Jioni Yasunari aliingia na kaseti ya gemu imefungwa kwa karatasi ya zawadi, uso unang'aa. "Baba, kazini wote wanasema hakuna kitu kizuri ndani ya gemu kuliko hicho. Watoto wa nchi nzima wanakupenda."

"Na wa barabarani walinipenda," Tokuzo akamjibu. "Walipiga makofi vilevile."

"Lakini hakuna anayejua kuwa ni wewe."

"Mimi najua. Na wewe unajua. Ndio maana nilikwambia wewe."

Kijana akapanda chumbani kwake juu. Kuanzia hapo akawa anatoka mapema na kurudi tumeshakunja meza, na haukupita muda akahamia karibu na kazi, eti kwa sababu ya treni. Mimi nilikuwa tayari kumfuta. Kuna msemo wa watu wa mbali, nimeusikia, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwetu tunao wa kwetu mkali zaidi, siuandiki. Lakini Tokuzo hakutaka kuusikia. "Kijana amekosea," alisema. "Mtoto hukosea. Ndiyo maana ya mtoto."

Kisha Chizuru, binti wa fundi mikeka jirani yetu, akaimaliza gemu yote. Akaja anakimbia, viatu amevigeuza kushoto kulia. "Bibi, njooni muone, jina lenu limo mwishoni." Tukaenda. Baada ya shujaa kushinda, majina ya watengenezaji yakapanda moja moja, na mahali pa wachoraji pameandikwa Nishiwaki. Mimi kusoma nasoma kwa shida, lakini jina lile nalijua hata gizani.

Tokuzo akamshukuru Chizuru, tukatoka. Njiani ndipo aliposema, "Amelichukua jina. Fusae, mtoto amelichukua." Kesho yake akaenda ofisi ya mtaa kuuliza taratibu za kumwandikisha mwana. Akarudi na samaki, changu mwekundu mzima, wa sherehe, akaniambia nimchome kwa chumvi, maana Yasunari amepiga simu, anakuja Jumapili.

Alikuja kweli, suti mpya, sanduku la keki. Hakuvuka chumba cha mbele. Akapiga magoti pale pale akasema mkubwa wake kazini ana binti na hana mtoto wa kiume, nao wamemwomba aingie kwao, awe mkwe na mwana, abebe jina lao. Amekubali. Alikuja kuomba radhi.

Tokuzo akamuuliza, taratibu kabisa, "Na jina letu, lile uliloliandika kule?"

Kijana akaona haya, sijui kwa lipi kati ya yote. "Mzee, kampuni haituruhusu majina ya kweli. Wanaogopa kampuni nyingine zitatujua zituibe. Kila mtu anachagua jina la uongo. Nilitafuta la kuweka, nikaweka lenu."

Ameacha kumwita baba, mmesikia. Amesema mzee. Na jina ambalo tulilitaka liwe jina lake la kweli, yeye alilitumia kwa kuwa lilikuwa la uongo.

"Basi limekufaa," Tokuzo akasema. Akamwagizia chai. Mimi sikuileta. Yule changu nilimpa fundi mikeka na kila kitu chake, sahani pia.

Mzee wangu alilinda puto mpaka duka lilipoacha maputo, na kipupwe kilichofuata kifua kikamchukua. Yasunari alituma shada kubwa la maua lenye jina lake jipya kwenye utepe. Nililirudisha kwa aliyelileta, mbele ya waombolezaji wote, na nikilipata leo nalirudisha tena.

Sasa wewe unayesoma. Magoti yangu hayanifikishi tena kaburini kwake, na kaburi lisilo na mtu wa kulitunza, hekalu huling'oa jiwe lake na mifupa ikachanganywa na ya wengine. Liko nyuma ya hekalu dogo lililo kando ya soko la samaki, safu ya ukutani, jiwe la kijivu lililovunjika pembe. Sikukuandikia haya yote ili useme masikini bibi. Ndoo na upawa wa maji viko mlangoni pa hekalu. Nenda, limwagie maji, ling'olee magugu, ulisome jina kwa sauti ili mtunza hekalu akusikie kwamba Nishiwaki ana mgeni. Na usingoje nikuombe mara ya pili.