Jumapili za Kireno

Binti yangu alipokwenda jeshini nilijua kwamba kitu cha kwanza nitakachokikosa ni sauti yake. Mimi sioni. Surua ilinipitia nikiwa mtoto mdogo, na sura ya mwanangu naijua kwa viganja tu. Sauti yake ndiyo niliyokuwa naijua yote: ya asubuhi, ya homa, ya kuficha jambo, ya kucheka huku amejaza ugali mdomoni. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kupokea simu katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Mtu akinipigia mara mbili, mara ya tatu namtambua kabla hajajitaja. Nilikuwa najivunia jambo hilo, nisifiche.

Mama yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemfungia begi. Mimi nilimsindikiza hadi stendi. "Simu watazichukua, baba," aliniambia. "Msisumbuke na mawazo." Basi likaondoka, na kozi ya awali ikaanza, na miezi ikapita bila neno. Nyumbani kwetu Makole tulizoea kula mapema, kwa sababu hakukuwa na wa kumsubiri. Ofisini kila msichana aliyepiga simu akasema "Halo," mkono wangu ulisita kidogo kabla ya kumuunganisha anakotaka.

Siku ya kuhitimu tulialikwa wazazi. Tulikaa juani, upepo ukituletea vumbi la uwanja, na mke wangu akaninong'oneza, "Yupo mstari wa tatu, wa nne kutoka kulia." Nilitega sikio upande huo. Buti zilitua zote kwa pamoja, kishindo kimoja. Nilijaribu kumchambua mwanangu ndani ya kishindo kile nikashindwa, nikajiambia kwamba labda ndiyo maana ya gwaride, asisikike mtu mmoja.

Baada ya gwaride wazazi na watoto walichanganyika. Mtu akasimama mbele yangu akasema, "Shikamoo."

Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo.

"Marahaba, hujambo kijana," nilijibu, kama ninavyomjibu kila mtoto wa watu, kisha nikageuza uso kumtafuta mke wangu nimuulize binti yetu yuko wapi.

Mke wangu akanishika kiwiko. "Ni yeye, baba," alisema polepole.

Sijui nilisema nini. Nakumbuka nilinyoosha mkono nikakuta kichwa kilichonyolewa, shingo ngumu na ukosi wa sare uliopigwa pasi hadi ukakata. "Koo limekauka tu," alisema. "Tumeimba na kuitikia amri miezi yote hii. Sauti itarudi." Nikamwambia ndiyo, itarudi. Tulikula kuku tuliyemletea, na yeye alikula haraka, bila maneno, kama mtu anayehesabiwa muda.

Ndipo akatuambia habari yake. Walikuwa wamechagua wachache kwenda chuo wanakofundishia askari lugha, naye yumo. "Wamenipangia Kireno," alisema.

"Kireno?" mama yake akauliza. "Mbona si Kifaransa? Kifaransa ulikigusa shuleni."

"Hatuulizwi, mama. Jirani zetu wa kusini wanasema Kireno. Tunapangiwa, tunakwenda."

Huko chuoni waliwaruhusu simu Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri. Tukitoka kanisani tulikula, tukaosha vyombo, kisha mimi nilikaa kwenye kiti cha barazani na simu mapajani. Jumapili za mwanzo zilikuwa tamu. Alinipigia akicheka. "Baba, Kireno tunakijua nusu. Meza ni meza. Bendera karibu ni ileile. Hata leso ya mama inatoka kwao." Mikwaruzo ilikuwa imepungua, lakini sauti haikurudi ilipokuwa. Ilikuwa imeshuka chini na kutulia hapo. Niliisikiliza kama mtu anayepapasa nyumba ambayo samani zake zimehamishwa.

Baadaye simu zikawa fupi. Jumapili moja hakupiga kabisa, na mke wangu aliniondoa barazani jua lilipozama. Jumapili iliyofuata alipiga akazungumza na mama yake kuhusu mvua, ambayo ilikuwa haijanyesha kwake wala kwetu. Nikaomba simu.

"Kuna nini?" nilimuuliza.

"Nimefeli jaribio la kusikiliza. Wanatuwekea sauti mara mbili tu, inapita kama lori kwenye lami. Wenzangu wanaandika, mimi nabaki na karatasi nyeupe. Nikifeli tena wananirudisha kikosini. Na labda ndiyo bora, baba. Kule angalau nilijua kukimbia."

Nilimsimulia habari za Buigiri. Alikuwa anajua nilisoma huko, katika shule ya watoto wasioona, lakini sikuwahi kumwambia kwamba siku niliyopelekwa nilijua Kigogo tu. Kiswahili sikukijua hata cha kuomba maji. Wiki ya kwanza nilikuwa nakunywa pale tu wenzangu walipokunywa. Nilijifunza kwa kukaa karibu na mtu anayezungumza na kutokimbizana na kila neno lake. Nilisikiliza sauti inapanda wapi na kutua wapi, na maneno yakaja baadaye, moja moja, kama kuku wanaorudi bandani.

Kuna sehemu sikumsimulia. Mama yangu alikuja kunitembelea kwa miguu, na furaha ya kuonyesha nilichojifunza ikanifanya nimsalimie kwa Kiswahili. Mama hakukijua Kiswahili. Alinisugua mgongo tu, muda mrefu. Nilidhani amechoka na safari.

"Panapokushinda hasa ni wapi?" nilimuuliza binti yangu.

"Puani," alisema. "Kuna neno la mti, pau, kama hizi pau zetu za kuezekea. Na kuna neno la mkate, linafanana nalo, ila linapita puani. Mimi nasikia neno moja tu. Nikiomba mkate darasa linacheka, eti naomba paa la nyumba."

"Yaseme yote mawili."

Akayasema. Nilisikia pau mara mbili.

"Ni moja hilo," nikamwambia.

"Ndivyo anavyosema mwalimu."

"Bibi yako akisema mtu kwa Kigogo, anasemaje?"

"Munhu."

"Hiyo pumzi inayotoka puani hapo katikati umezaliwa nayo. Iite."

Alijaribu, lakini mimi mwenyewe sikujua neno lile linatakiwa lilie vipi, na siwezi kumnyoosha mtu kwa neno ambalo sijalisikia. Kesho yake niliuliza ofisini kama kuna anayemjua mtu wa Kireno. Mhudumu wetu wa chai akanitajia dalali wa mahindi wa Kibaigwa, Mrangi wa Kondoa, aliyeishi Msumbiji miaka mingi akiuza vitenge.

Jumamosi mimi na mke wangu tukaenda Kibaigwa. Sokoni malori yalikuwa yakinguruma na wapakiaji wakiitana, na harufu ya mahindi makavu ilikuwa nzito kiasi kwamba niliihisi kwenye ulimi. Mke wangu alimkuta dalali kwenye mizani, akamweleza shida yetu. Nilitegemea atatuambia turudi siku nyingine. Badala yake alinishika mkono akanipeleka nyuma ya rundo la magunia.

"Hapa, mzee mwenzangu," alisema. "Gunia zinameza kelele. Washa hiyo simu irekodi."

Akasema neno la mti, kisha la mkate. Nilisikia mara moja. Neno la pili lilianza kama la kwanza, kisha likakataa kutoka mdomoni, likaishia ndani ya pua kama kengele iliyoshikwa.

"Mimi mwenyewe niliomba mti dukani mwezi mzima," alisema. "Mwenye duka alinipa mkate hivyo hivyo. Mwambie binti asione haya."

Alirudia maneno yale mpaka wapakiaji wakaanza kuyaitikia wakicheka. Kisha, bila kuombwa, akaanza kuzungumza Kireno mfululizo. Alituambia baadaye kwamba alikuwa anaeleza barabara moja aliyokuwa akiishi, duka hadi duka. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kijana. Alipomaliza alikohoa, akasema hajaongea lugha ile na mtu tangu arudi. Mke wangu alimshukuru. Akajibu kwamba yeye ndiye wa kushukuru, akarudi kwenye mizani yake.

Jumapili saa tisa tuliirusha ile sauti kwenye simu ya binti yetu. Juma zima lililofuata nilifanya mazoezi nyumbani, nikijipigia mvumo puani wakati wa kunyoa na wakati wa kufunga viatu. "Umekuwa mzinga wa nyuki," mke wangu alilalamika, lakini nilimsikia naye akijaribu akiwa anasahihisha madaftari. Binti yetu alipopiga tena, hakunisalimia kwanza. Alisema neno la mti, akanyamaza, akasema la mkate. Nilisikia maneno mawili.

"Hayo sasa ni mawili," nikamwambia. Alishusha pumzi ndefu.

Jaribio la pili alilipita, si kwa alama za kutangaza, lakini alilipita. La tatu alifanya vizuri zaidi. Mwisho wa kozi wakampanga aendelee na kozi ya daraja la juu, na kwa hiyo likizo ya Krismasi tuliyokuwa tunaihesabu ikasogezwa mbele, hadi siku ambayo mpaka leo hawajaitaja. Mama yake alikuwa ameshanunua kitambaa cha gauni lake. Alikikunja akakiweka kabatini, na hatukukizungumzia.

Jumapili baada ya Krismasi alipiga akasema anataka nisikilize kitu. Akazungumza Kireno kwa dakika nzima. Hakusita popote. Sauti yake ilipanda na kutua mahali pake, na puani palifanya kazi yote, na ilikuwa sauti ya mwanamke mzima ambaye ningeweza kumuunganisha simu kwa heshima bila kujua ni nani. Nilishika kiti. Nilitamani aendelee, na nilitamani aache Kireno, aniulize kama nimekula.

"Baba, upo?"

"Nipo. Endelea."

Akaendelea kidogo, kisha muda wao ukaisha. Mke wangu alikuja barazani akijifuta mikono, akakaa kwenye ngazi karibu na miguu yangu.

"Amesema nini?"

"Sijui," nilimwambia. "Lakini amesema vizuri."