Maharage ya Yasmina Yakiiva

Massoudi ni jirani yangu hapa mtaani Jabe. Ukuta wake na wangu ni mmoja, kwa hiyo mambo yake nayajua hata nisipotaka. Ni fundi wa magari tangu ujana wake. Ukimpelekea gari inayokohoa, anasikiliza kidogo tu, anakuambia ugonjwa ni nini. Lakini mweke mbele ya mtoto mdogo uone: anashika kichwa, anakuna ndevu, hajui pa kuanzia. Na huyo ndiye aliyeachiwa mjukuu wa kulea!

Binti yake, Zubeda, alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, akamwacha Yasmina na miaka minne. Mkataba ukaisha, tajiri wake akakalia pasipoti, mara leo, mara kesho. Mwanzoni mtoto alikuwa anauliza kwenye simu, "Mama, unakuja lini?" Zubeda analia, simu inakatika. Mwishowe mtoto akaacha kuuliza. Akaacha na kula vizuri, akawa anashinda mlangoni anaangalia barabara. Hapo mimi nikaogopa kweli.

"Mzee Massoudi," nikamwambia, "huyu mutoto anataka kazi ya mikono. Mupe bustani."

"Bustani hapa? Mama Benite, hii udongo ni mafuta tupu. Hata majani inakataa kuota."

"Na hizi mapine mazee zimejaa kwenye uwanja, unazihifadhia nani? Kata, tia udongo mzuri ndani, maneno yaishe."

Mimi nauza mboga sokoni, kwa hiyo mbegu nilichagua mwenyewe. Maharage, kwa sababu yanachipua upesi na mtoto hajui kungoja. Maboga, kwa sababu mbegu yake ni kubwa, haiponyoki kwenye vidole vidogo. Lengalenga, yaani mchicha, maana hiyo hata ukiisahau inaota tu. Massoudi alitaka nyanya. Nikamkatalia, nyanya inadeka sana, itamvunja mtoto moyo.

Akakata mapine, yale matairi makuukuu, akaleta udongo mweusi kwa mkokoteni kutoka upande wa Kinama. Siku ya kupanda, mzee mzima akatoa bisibisi mfukoni, akaizamisha kwenye udongo mpaka kwenye mpini, akadondosha mbegu moja ya boga humo shimoni.

"We Massoudi! Unapanda ama unazika?"

Yasmina akacheka. Jamani, akacheka mpaka akakaa chini! Sikuwa nimemsikia akicheka siku nyingi. Massoudi naye furaha ikampanda kichwani, akatoa neno ambalo hakutakiwa kulitoa.

"Unaona, mujukuu wangu? Maharage ikiiva, mama yako atakuwa amefika."

Nikamfinya mkono. "Umesema nini wewe?"

"Nimesema tu."

"Mtoto hajui mambo ya 'tu', Massoudi!"

Lakini lilikuwa limeshatoka. Jioni ile tulipanda maboga na lengalenga. Maharage nikamwachia Yasmina kwenye bakuli, nikamwambia ayaloweke, asubuhi wayapande na babu yake. Wakayapanda.

Lengalenga ikatoka. Maboga yakatoka, hata lile lililozikwa, sijui lilipanda kwa ngazi gani. Maharage, kimya. Kila asubuhi Yasmina alikuwa anachuchumaa mbele ya pine lile, mengine hayaangalii kabisa. Sahani yake ikaanza kurudi jikoni imejaa. Nikajua hesabu anayoifanya kichwani: maharage hayaoti, basi mama haji.

Massoudi akanijia juu. "Mama Benite, umenipa mbegu mbovu."

"Mbovu? Mbegu zangu? Njoo!" Nikamvuta mpaka uani kwangu. Maharage ya kibaba kilekile nilikuwa nimeyatia kwenye kopo, na yalikuwa yamesimama, majani mawili mawili. Akayatazama. Tukarudi kwake, akafukua mbegu moja kwa kidole, akaibonyeza. Ikapondeka. Akainusa.

"Hii imepikwa," akasema.

Tukageuka. Yasmina alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Nilitia magadi, babu. Na maji ya moto ya kwenye termosi. Kama vile Mama Benite anafanyaka, ili iive mbio." "Si ulisema ikiiva mama anafika?"

Loo! Neno moja, kuiva, la shambani na la jikoni, na sisi watu wazima wawili hatukuliwaza hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nigombe. Nikaufunga.

"Sasa nimeiharibu," mtoto akasema. "Mama hatakuja."

Massoudi ana goti bovu, lakini alipiga magoti palepale kwenye mafuta. "Sikiliza. Babu ndiye alikosea. Mama yako hatakuja sababu ya maharage. Atakuja sababu wewe uko hapa."

"Hata kama imeoza?"

"Hata kama mbuzi imekula bustani yote."

Akafikiri. "Na mapine?"

"Na mapine."

Usiku ule alikula, akaomba aongezewe. Nilisikia kijiko kikigonga sahani ng'ambo ya ukuta, nikasema asante Yesu kwa sauti. Kesho yake wakapanda upya, mbegu kavu, na safari hii zikatoka.

Mengine Massoudi aliyanong'ona kwangu peke yangu. Zubeda amepata karatasi za kusafiria. Zubeda yuko njiani. Kwa mtoto hakusema chochote. Ahadi zilikuwa zimemtia adabu.

Maharage yalikuwa na maua tu, hata ganda moja bado, teksi iliposimama mbele ya mlango. Zubeda akashuka na begi moja, amekonda. Yasmina alikuwa anamwagilia. Akamwangalia mama yake, akaangalia maharage, akamwangalia tena.

"Lakini haijaiva," akasema.

Massoudi alitaka kuingilia. Nikamshika shati.

"Nini haijaiva, mama?" Zubeda akamuuliza binti yake, taratibu.

Mtoto alibaki ameshika kopo kwa mikono miwili. "Unarudi lini?"

"Narudi wapi? Nimefika, Yasmina. Siendi tena."

Kopo likaanguka. Akamrukia mama yake, akalia, lakini kulia kwenyewe, mpaka majirani wakatoka kuuliza nani kafa. Mimi nikasogea nimbembeleze. Massoudi akanizuia, na uso wake ulikuwa umelowa vilevile.

"Muache alie," akaniambia. "Siku mama yake anaondoka, hakulia hata kidogo."