Mama Mkwe Mwenye Kengele

Msusi yule hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na kompyuta aliiona kama televisheni iliyokonda. Hata hivyo Kengele, programu huria ya kupanga ratiba za shule, ilikuwa mikononi mwake. Si programu yenyewe. Hiyo ni ya kila mtu, atakaye aichukue, aifumue, aisuke upya. Chake kilikuwa jina. Siku mkwewe na wenzake, mabingwa wa kuandika programu, walipotaka kusajili jina hilo kuwa anwani ya tovuti, kadi za benki za mabingwa wote ziligoma, ya msusi ikakubali. Mwenye kadi akaandikwa mwenye anwani, na mabingwa wakarudi kwenye shughuli yao kuu: kubishana kuhusu rangi ya kitufe.

Yeye akalilea jina kama mtoto wa kuachiwa. Matapeli walipofungua tovuti yenye anwani inayofanana, wakagawa Kengele bandia iliyojaa virusi, ni yeye aliyesajili anwani zote za jirani, hata zile zinazozaliwa na vidole vyenye haraka vinapokosea herufi.

"Mtindo wangu igeni mpaka mchoke," aliwaambia wateja, chanuo mdomoni. "Lakini ukitundika bango langu mlangoni kwako, ukawatoa watu na vipara, nitakayetukanwa ni mimi."

Mwaka huu mabingwa wakashtuka: jina la mradi mzima linashikwa na mtu mmoja, tena mwenye presha. Likitokea la kutokea, usajili utaisha kimyakimya na matapeli watalidaka. Wakapiga kura jina lihamie kwenye chama chao, wakamtuma mkwe.

Jamani, nenda wewe ukamwambie mama mkwe kwamba watu wanaogopa atakufa!

Mkwe akaingia saluni, akaketi chini ya mashine ya kukaushia nywele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, yuko kazini." Akasifia vioo. Akasifia dari, nayo ilikuwa inavuja.

"Umemwacha?"

"Hapana, mama!"

"Unataka kuoa wa pili?"

Mteja kitini akageuza kichwa kilichosukwa nusu, asije akakosa neno.

"Ni Kengele, mama. Chama kinaomba jina likae kwa chama. Maana sisi binadamu... safari..."

"Safari ya wapi?"

Mkwe akaikodolea macho sakafu. Msusi akaelewa. Akavuta nywele za mteja mpaka nyusi zikapanda.

"Mnanizika huku nasuka?"

Kifo hakikumuuma, alikitania kila siku. Kilichomuuma ni wale vijana wa mbali, asiowajua sura, waliomwandikia "ahsante mama" kila usajili ulipohuishwa. Akilitoa jina, atakuwa nani kwao? Na asipolitoa, likaja kuokotwa na wezi?

"Waite," akasema. "Sikabidhi mtoto kwa mtu nisiyemjua."

Wakaja watatu wa kamati ya chama, katibu akiwemo, wakajipanga kwenye benchi la wateja.

"Nani kati yenu atakumbuka kulipia?"

Kila mmoja akamwonyesha mwenzake.

"Alaa! Na mimi ndiye wa kuogopwa!" Akafuta mafuta mikononi. "Katiba yenu inataka watu wangapi watunze funguo za akaunti ya jina?"

"Wawili, mama," akajibu katibu.

"Basi mwenye jina awe chama. Funguo ziwe kwa katibu na kwangu. Nikifa, yupo. Akisahau, nipo."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya mradi, hakuna aliyebisha.

Msusi akachukua simu, akafungua ukurasa wa kuhamisha jina. Kidole kikakaa juu ya "idhinisha" kwa muda, kama mtu anayemwachia mtoto mkono getini kwa shule. Kisha akabonyeza. Akapiga chafya ambayo haikuwa chafya, akamgeukia katibu.

"Wewe hutoki hapa na kichwa hicho. Kaa, nikuchane huku tunatunga nywila. Mkwe, shika kioo, na uache kusifia dari."